Mdogo Wangu Anachimba Bahari

Mimi nachimba visima vya maji hapa Babati, na kwa miaka mingi nilijiona ndiye mchimbaji wa familia. Kisha mdogo wangu wa kike, aliyesomea miamba, akapata nafasi kwenye meli ya utafiti upande wa Japani.

Siku alipopiga simu ya video kutoka melini, mama aliita majirani zake wa Maisaka wakajaa sebuleni. Mdogo wangu, kavaa kofia ngumu, alituonyesha mabomba yanayoshushwa hadi sakafu ya bahari na kuzidi kuingia mwambani, mahali bamba moja la dunia linapozama chini ya jingine. Akainua kichupa cha maji yaliyokamuliwa kwenye udongo wa huko.

"Maji haya yakibanwa sana, miamba inateleza kirahisi, tetemeko linatokea. Tunataka kujua yamebanwa kiasi gani."

Mama alifuta machozi kwa kanga. Mimi nilitoka nje, nikajifanya naangalia pikipiki. Baba alipofariki niliacha shule nikashika kazi, yeye akaendelea kusoma. Na mama hajawahi kuja kuniona nikichimba, hata hapo Sigino, karibu na nyumbani.

Wiki mbili baadaye ardhi ilitikisika kidogo. Kesho yake kisima nilichochimba Nangara kilitoa tope, na maji yalikuwa yamepanda. Jioni mdogo wangu akaandika: "Shikamoo kaka. Nasikia mmetikisika. Visima vyako vimebadilika?"

"Marahaba. Hakuna kitu," nikajibu.

Nilidanganya makusudi. Sikutaka apate hata tope langu.

Siku ya nne mwenye kisima aliniuliza mbele ya wateja wake kama maji yale yanafaa kunywa. Nikampigia mdogo wangu, nikamweleza yote, pamoja na uongo wangu.

"Ungeniambia siku ile, ungepima tangu mwanzo. Mwanzo ndio tumeupoteza, kaka."

Afadhali angenigombeza. Alisema watu wasiyanywe mpaka yapimwe, nami niandike kina cha maji asubuhi na jioni. Niliandika mpaka yakashuka na kutakata, nikamtumia picha za daftari. Alishukuru, akasema amewaonyesha wenzake melini.

Nikajikuta namuuliza kama waliliona jina langu juu ya ukurasa.