Bobini Iliyovuka Ziwa

Mimi ni mshonaji. Kibanda changu kiko karibu na soko la Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na kila asubuhi, kabla sijagusa kitambaa cha mtu, naangalia bobini ya cherehani yangu. Ya plastiki ni nyepesi, lakini ukiijaza uzi kwa kukaza inatanuka na kukwama. Ya chuma haitanuki, ila ikianguka ikapinda ukingo, basi tena. Hayo sikufundishwa na fundi wa kushona. Nilifundishwa na baba, mvuvi ambaye maisha yake yote hajawahi kushona hata kifungo.

Baba alikuwa na mashine ya kuvulia. Katika ujana wake aliendesha boti ya mfanyabiashara mmoja Mgiriki, na yule bwana alipofunga duka kurudi kwao akamwachia. Ilikuwa mashine ya baharini, nzito, kubwa kama sufuria ya ugali wa watu wawili, ina mkono wa kuzungushia pembeni na katikati bobini yake, yaani lile gurudumu linalobeba uzi. Baba aliifunga kwenye fimbo fupi ya chuma mtumbwini. Unapiga kasia, uzi unafuata nyuma majini, na sangala akinasa unamvuta kwa kuzungusha. Ubavuni ilikuwa na madoa ya kijani yaliyoachwa na chumvi ya huko ilikotoka. Nilipokuwa mtoto niliyalamba nijue bahari ina ladha gani. Nilipata ladha ya grisi, na kofi la mama.

Bobini zake zilikuwa mbili, zote za bakeliti, ile plastiki nyeusi ya zamani, ngumu, waliyotengenezea mishikio ya pasi. Baba aliisifu utadhani aliibuni yeye. Haili kutu. Ni nyepesi, samaki akigusa tu inaanza kuzunguka, ukiweka kidole gumba inasimama. Ubaya wake ni mmoja: haipendi kubanwa. Nailoni ikivutwa na samaki mkubwa hurefuka, nawe ukiizungusha ikiwa imevutika hivyo, baadaye inataka kurudi kwenye urefu wake, inakaza, inakaza, mpaka inapasua bobini. Kwa hiyo baba alitanguliza uzi wa pamba chini, tabaka nene, ndipo nailoni ikaja juu. Pamba inabonyea, bobini inapumua. Tabaka hilo aliliita godoro.

Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu, hakulitaka hilo godoro. Alisema linakula nafasi. Siku moja alijaza nailoni tupu, akatoka ziwani peke yake, akarudi na sangala aliyemfika kiunoni, akacheza ufukweni mpaka wanawake waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwani, wakaacha kazi. Asubuhi yake tulikuta bobini imepasuka vipande viwili.

“Nilikuambia,” baba alisema. “Weka godoro. Sikio yako iko ya kupamba kichwa tu.”

“Baba, ile ni mambo ya bazee.”

Hawakupigana. Ingekuwa afadhali wangepigana, maana ugomvi wa ngumi unaisha. Wale walinyamaziana. Walikula sahani moja, na mimi ndiye nikawa wa kupeleka maneno, “mwambie baba yako,” “mwambie ndugu yako,” huku wote wawili wananisikia na wanasikiana. Walinichosha, na niliwaambia.

Kisha bunduki zikalia milimani na watu wakaanza kushuka na mizigo. Kwetu mtu akikimbia hutenganisha vitu. Baiskeli inatolewa gurudumu, huyu anabeba gurudumu na yule anabeba fremu. Moteri ya boti inatolewa buji, ile plagi ya kuwashia. Mwizi akikunyang'anya nusu, nusu haina kazi. Tukiwa ufukweni, watu wanaitana na watoto wanalia, baba alichomoa bobini iliyobaki, akamwekea mwanawe mkononi. Hakunituma mimi safari hii.

“We beba bobini. Mi niko na mashine. Siku tutaonana, tutaunganisha.”

Mimi na baba tulipata nafasi kwenye boti ya kwenda rasi ya Ubwari. Ndugu yangu alisukumwa kwenye boti nyingine, na upepo na woga vikaifikisha upande wa Tanzania. Sisi tulirudi Baraka mambo yalipotulia. Yeye akabaki ng'ambo, akapata kazi kwa wavuvi wa kule, na kila mara alisema mwezi ujao atarudi.

Alipiga simu kwangu. Nilimpa baba simu, naye aliishika mbali na sikio kana kwamba itamchoma.

“Bobini iko?”

“Iko, baba.”

Basi. Ananirudishia simu. Kila mara ni hivyo hivyo. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikamuuliza kwa nini hawezi kumuuliza mtoto kama amekula, kama ni mzima, kama ana mahali pa kulala.

“Nimeisha kumuuliza,” alisema.

Lakini bila bobini baba hakutoka tena ziwani. Mashine ilikaa juu ya kabati bila kitu ndani, na yeye alikaa kwenye kiti mlangoni, anapungua. Mama alikuwa ameshafariki tangu kabla hatujakimbia, kwa hiyo nilikuwa peke yangu kumwona akipungua. Nikaamua kumtafutia bobini nyingine. Nilikata kipimo kwa karatasi ya kukatia nguo nikaanza kuzunguka mjini.

Ya kwanza nilichongewa na seremala, kwa libuyu, ile mbao nyekundu. Ilikuwa nzuri kuangalia, ningeweza kuiweka sebuleni. Ilikunywa maji siku ya kwanza, ikavimba, ikakwama ndani ya mashine, na baba akaitoa kwa nyundo. Ya pili ilimiminwa na wale wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria. Nyepesi, haina kutu, na nilijua ndiyo yenyewe. Lakini ilikuwa na vitundu ndani kama mkate, uzito wake haukuwa sawa pande zote, ikizunguka ilitetemeka mpaka fimbo ikacheza, na nailoni ikaipinda kingo. Ya tatu ilitoka Uvira kwa fundi mwenye mashine ya kukereza chuma. Shaba ya njano. Hiyo haikuvimba, haikupinda, haikupasuka. Baba aliifunga, akatoka nayo, na mimi nilisimama ufukweni nikamwangalia mgongo wake ukienda, nikasikia moyo umetulia kidogo.

Alirudi mapema, akaichomoa.

“Hii iko nzito. Ikianza kuzunguka haisikie kidole. Uzi yote inarukana.”

Hapo alisema kweli. Shaba ikishika mwendo inaendelea tu, uzi unatoka kuliko unavyotakiwa na unajisokota kama nywele za asubuhi. Lakini mvuvi wa miaka yote ile angejifunza kuishika. Nilikasirika, nikamwambia ukweli: kwamba hata ningemletea ya dhahabu angeipata kasoro, kwa sababu ikikubali mashine yake ataonekana ameacha kumngoja mtu. Akaifuta ile shaba kwa shati, akanirudishia. Nami nilijuta sauti yangu, ila neno lenyewe sikulirudisha, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Katika siku hizo ndugu yangu alinipigia akaniomba uzi.

“Dada, nitumie uzi ya pamba. Ya kushona. Mingi.”

“We sasa unataka kunyang'anya bamama kazi?” nilimtania. “Utashona nini?”

“We tuma tu.”

Nilikuwa na uzi mwekundu uliobaki kwenye sare za kwaya. Nilimpa mama mmoja anayevuka na mawese kwenda Kigoma amfikishie. Nilidhani ni wa kushona suruali zake, nikacheka peke yangu nikimwona akijichoma vidole.

Halafu simu yake ikawa haipatikani. Mwanzoni tulisema ni betri. Baadaye tuliacha kusema. Nilikuwa napiga nikiwa kibandani ili baba asinione nikikata.

Yule mama wa mawese alikuja asubuhi, bila ndoo zake. Nilipomwona mikono mitupu nilijua.

“Mama, ikala kwanza,” aliniambia, akinivutia kiti nikae.

Ilikuwa homa. Ilimshika akaendelea kutoka ziwani, kichwa kigumu kile kile, kisha ikamlaza, na wenzake walimzika kulekule. Walimpa yule mama begi lake atuletee. Ndani kulikuwa na shati, simu iliyozimika, na bobini ya bakeliti imevingirishwa ndani ya shati, imejaa nailoni mpaka juu.

Baba hakulia. Aliipokea, akaigeuza, akaipitisha kidole pande zote kutafuta ufa. Hakuupata. Akaketi mlangoni kwenye mkeka na kuanza kuifungua nailoni kwa mkono, taratibu, ikirundikana miguuni pake. Nilitaka kumwambia aache, kwamba watu wa matanga watakuja wakute nyuzi zimetapakaa mlangoni, lakini nikachuchumaa kando yake. Nailoni ikapungua, ikapungua, ndipo rangi ikaonekana chini. Nyekundu. Uzi wangu wa sare za kwaya, tabaka nene, umepangwa sawasawa, kila mzunguko umelala kando ya mwenzake.

“Alitia godoro,” baba alisema.

Akaigusa pamba ile kwa kidole gumba, ikabonyea. Hapo ndipo uso wake ulipovunjika. Nilijua sauti zote za baba, lakini hiyo sikuwahi kuisikia, na sitaki kuisikia tena. Nilichukua mashine juu ya kabati nikamwekea mapajani. Aliingiza bobini mahali pake, na ikakaa bila nyundo. Aliuzungusha mkono wa mashine kidogo, ikazunguka, akaweka kidole, ikasimama. Kisha akainua macho kuangalia ziwani, upande wa Tanzania, akauliza kwa sauti ile ile ya kwenye simu.

“Bobini iko?”

Hakukuwa na mtu mwingine wa kujibu.

“Iko, baba,” nikasema, na nikaanza kukusanya nailoni miguuni pake, maana watu wa matanga walikuwa wameshafika njiani.