Kitambaa cha Mzee Makiese

Mwanangu, ipo alasiri moja ya mwaka 2017 ambayo haijanitoka kichwani. Tulikuwa kwenye matanga ya mke wangu, hapa nyumbani mtaa wa Troyeville, huku kusini tulikohamia kutoka Kongo. Viti tulivitoa nje, tukakaa chini kwenye mikeka kungojea mazishi.

Mzee Makiese akaingia na ndugu zake. Yeye ni mtu wa Kongo ya Chini, kule mto unakoingia baharini, na binti yake Nzuzi, aliyekuja naye, alikuwa amechumbiwa na kijana wangu Patrick. Kwao, ukienda kwa wakwe waliofiwa unapeleka kitambaa cha kumzikia marehemu. Akakiweka mbele yangu, cheupe, kimekunjwa vizuri.

Shemeji yangu Kasongo, kaka wa marehemu, akacheka vibaya.

"Eish! Kitambaa tena? Si ndicho wafalme wenu walichopokea kwa Wareno wakauza watu? Dada yangu hazikwi na hicho. Na wewe Patrick, tafuta mke kwingine."

Makiese akainama kukiokota. "Basi, Papa. Tumeelewa. Nzuzi, vaa viatu."

Niliona wazi kwamba wakitoka mlangoni, posa imekufa. Na mke wangu ndiye aliyempenda msichana yule kuliko sisi sote. Kwetu Katanga mfiwa hasemi sana, watu ndio wanaomsemea. Lakini nikaweka mkono juu ya kitambaa.

"Kaa, Baba Nzuzi. Kasongo, nawe kaa. Swali lako niliwahi kuliuliza mimi."

Nikawasimulia. Ujanani, Lubumbashi, nilijifunza kushona kwa fundi mmoja wa hukohuko Kongo ya Chini, Papa Nsimba. Siku moja nikamwuliza kwa nini babu zake waliuza watu. Akasimamisha cherehani.

"Kijana, umeanzia katikati," akaniambia. "Anza na miwa."

Akanieleza kwamba Wareno walipofika pwani walikuja na zawadi na dini, na mfalme wa huko akawapokea kama wageni. Lakini kisiwani São Tomé walikuwa wanalima miwa, na miwa inataka mikono mingi. Wakataka watu. Mateka wa vita walikuwapo, kwa hiyo wakubwa wakawatoa, wakapokea vitambaa. Hapo hakuficha neno: wapo wa kwetu waliouza. Mateka wakawa hawatoshi. Vita vikapiganwa ili mateka wapatikane, halafu wakakamatwa hata watu huru, hata jamaa za mfalme. Mfalme mmoja akalalamika kwa mfalme mwenzake wa Wareno, lakini wanunuzi hawakukoma. Baadaye merikebu zikavuka bahari mpaka Brazili, kwenye mashamba makubwa zaidi, na waliopelekwa hawakurudi.

"Sasa niambie," Papa Nsimba akamalizia, "mimi ni mjukuu wa aliyeuza au wa aliyenyang'anywa mtoto? Mimi mwenyewe sijui. Wewe umejuaje?"

Pale mkekani, nilipomaliza kusimulia, Kasongo akajikuna shingo.

"Lakini waliuza," akasema, kwa sauti ya chini sasa.

"Waliuza," Makiese akajibu. "Na sisi tunawalilia waliokwenda. Huku mtaani, shemeji, wenyeji wakija kutufukuza sisi wageni hawaulizi nani ni wa Katanga na nani wa Kongo ya Chini."

Mtu mmoja akacheka, Kasongo naye akashindwa kujizuia. Akakivuta kitambaa, akakipapasa kama mtu anayenunua sokoni. "Kizuri," akasema. Ndicho tulichomzikia mke wangu. Patrick na Nzuzi walioana mwaka uliofuata. Mimi ndiye niliyeshona gauni, na kiti cha mama mkwe kikabaki kitupu.

Mwanangu, ukisikia habari ya biashara ile, isikilize tangu mwanzo. Mtaje aliyetaka mikono ya bure shambani kwake, na mtaje wa kwetu aliyempa watu, usimfiche hata mmoja. Lakini usimshike mtu aliyezaliwa juzi ukamdai kosa la wafalme. Na aliyekuja kulia nawe, usimrudishie kitambaa chake.

Mungu akulinde katika mji huu. Akupe nyumba yenye watu, na siku ya msiba wako usikose wa kukaa nawe chini.