Mkono wa Wambui

Maganda ya kahawa yakianza kuoza hutoa harufu ya uji uliochacha. Ikinifikia hata leo, mimi humkumbuka dada yangu Wambui. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni walipotukataza kutoka shambani bila pasi. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi minane, na tulikaa kwenye laini, vile vibanda vya wafanyakazi wa shamba moja la kahawa huko Ruiru.

Wambui alianguka kutoka kwenye trela la kubebea kahawa, akatua kwa bega. Tulimpeleka kwa dresa wa shamba, mzee mpole aliyekuwa na dawa moja tu duniani: uwe unaumwa na tumbo, jino au kisigino, ulipewa kidonge kilekile cheupe. Alilipapasa bega, akasema mfupa umevunjika huku juu, kisha akauning'iniza mkono shingoni kwa kitambaa.

"Basi, akae hivyo hivyo. Utajiunga wenyewe."

"Basi?" Maitu, mama yetu, aliuliza. Tulipotoka nje akatema mate. "Ngai, Mungu wangu! Angekuwa mtoto wa mzungu, angeambiwa basi?"

Nani wa kumlaumu? Miaka hiyo tulikuwa tumezoea kunyimwa kila kitu, hata ruhusa ya kwenda kumzika jamaa, kwa hiyo Maitu aliona tumenyimwa na dawa pia.

Kesho yake alimlilia karani mpaka akapewa pasi ya kusafiri. Tukatembea hadi Kiganjo, kule Thika, kwa mzee aliyesifika kwa kuunga mifupa. Huyo alivuta, akapanga vijiti, akaufunga mkono kwa vitambaa kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha mkono, akikaza mpaka jasho likamtoka yeye mwenyewe. Vitambaa visiguswe kwa siku saba, akasema. Maitu alirudi amechangamka, kwa kuwa sasa alikuwa ameona tiba kwa macho yake.

Alipokwenda kuchuma kahawa aliniachia kazi ya kulinda vile vitambaa. Nilijiona askari kweli! Wambui alilia siku mbili nzima. Vidole vyake vilivimba, vikawa vya baridi.

"Wairimu, legeza kidogo tu. Kidogo tu, tafadhali."

Nikamwambia nitamshtaki kwa Maitu.

Siku ya tatu alinyamaza. Tulifurahi jamani! Maitu alimshukuru Mungu kwa sauti, akampikia uji wa maziwa, akasema maumivu yamekwisha.

Tulipofungua, bega lilikuwa linajiunga vizuri. Kilichokufa ni mkono. Vidole vilijikunja kiganjani, na Wambui hakuvifungua tena mpaka tulipomzika.

Juzi mjukuu wangu alivunjika mfupa palepale karibu na bega. Daktari kijana wa Thika alimtundikia mkono shingoni, basi.

"Hakuna kingine?" nikauliza.

"Hakuna, shosho. Hapo karibu na bega, mfupa wa mtoto hujirekebisha wenyewe."

Nililia mbele yake, naye akadhani ni furaha. Kumbe dresa wetu hakutunyima kitu. Maitu alikufa bila kulijua hilo, na ninashukuru. Lakini mimi ninalijua. Tulikuwa wawili tu nyumbani mchana kutwa, na fundo la vile vitambaa ningelifungua hata kwa meno.