Mkia wa Duara la Koleo

Bandarini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimjua kama Koleo, kwa sababu akishika kitu haachii, iwe ni bolti, iwe ni ubishi. Kazi yake ilikuwa kutafuta madini kwenye miamba inayoelea angani, kule mbali baina ya sayari, na aliifanya peke yake kwa chombo chake mwenyewe. Makampuni yalikuwa na meli kubwa zenye kumbi za kulia chakula. Koleo alikuwa na kitu kama debe kuukuu, mlango wake wa nje haufungiki mpaka uusukume kwa bega, na kiti cha rubani kilitoka kwa kinyozi mmoja aliyefunga duka. Ukikicheka chombo chake, alicheka pamoja nawe. Ukimshauri akiuze, hapo mlikosana.

Hawa watafutaji wa kujitegemea wana mwiko wao ambao watu wa makampuni huuona ushamba mtupu. Mwamba hauandikwi. Ukiupata, unavaa vazi lako la anga, unatoka nje, unauchora alama yako kwa mkono wako mwenyewe, kisha unaishika njia ya kuurudia kichwani, basi. Kinasa-safari cha chombo unakifuta kabla hujafungua mlango bandarini, maana kila kilichorekodiwa kina mnunuzi. Mali yote ya mtu imo kichwani mwake. Kwa hiyo kule mtu akivunjika mguu hupewa pole, lakini akianza kusahau, watu hushusha sauti anapopita, na siku moja wenzake humwendea nyumbani kwa upole na kumwomba ufunguo wa chombo kabla hajapotelea huko juu. Koleo mwenyewe aliwahi kwenda na wenzake kumwomba ufunguo rafiki yake. Yule bwana aliwakaribisha chai, akautoa ufunguo, kisha akawauliza wamefuata nini.

Alama ya Koleo ilikuwa duara lenye mkia. Ubavuni mwa chombo, ambako fundi rangi ndiye aliyeichora, mkia uliangalia kulia, na kila mtu aliijua hivyo. Kule kwenye miamba, mkia uliangalia kushoto. Hakukuwa na siri kubwa hapo. Glovu ya vazi lake ilikuwa na kidole gumba kilichokakamaa, na mkono ulikataa katakata kuuvuta mkia kwenda kulia. Koleo aliona haya kukiri kwamba hata alama yake inamshinda kuichora, kwa hiyo hakumwambia mtu.

Safari ile alikuwa akipita sehemu ambayo angeweza kuapa hajawahi kufika. Akaona mwamba mweusi uliobonyea katikati kama kiazi kilichokaliwa. Akatoka, akaugonga kwa nyundo, akapima kipande. Chuma safi. Akaimba humo ndani ya kofia yake, sauti mbaya kabisa, bahati nzuri hakuna wa kumsikia. Akachukua kopo la rangi ya chungwa na brashi, akazunguka kutafuta mahali palipo bapa pa kuchora.

Palikuwa pameshachorwa. Duara lenye mkia, mkia unaangalia kushoto, rangi imepaushwa na jua la miaka.

Koleo aliliangalia mpaka kioo cha kofia kikaingia ukungu. Kwanza alimfikiria mwizi. Lakini ni mwizi gani huyu anayekuja kukuachia mali? Kisha akafikiri labda mwamba umesukumwa kutoka mahali pengine, lakini miamba yake yote aliijua kwa sura kama mtu anavyowajua wanawe, na huyu hakuwa wake. Akaweka glovu yake juu ya mchoro, akaufuata polepole. Ulimkaa sawasawa. Mkono ulikuwa wake. Aliyekosekana pale ni yeye, maana kumbukumbu ya kuuchora hakuwa nayo.

Alirudi nyumbani hoi, kichwa kinazunguka, na tangu hapo akaanza kujichunguza kama mtu anayemvizia panya. Aliitaja miamba yake akiwa anaoga, akaitaja tena akiwa anafunga viatu, na kila mara ilikuja hesabu nyingine. Akiingia stoo na kusahau alichofuata, jambo linalompata kila mwenye stoo, jasho lilimtoka. Alimwendea fundi wa mavazi ya anga, mama mmoja mcheshi, akamuuliza kwa kuzungukazunguka kama inawezekana mtu afanye kitu kisha asijue kabisa kwamba amekifanya. Fundi akamjibu kwamba mumewe hufanya hivyo kila akitoka kwenye harusi. Koleo alicheka kwa adabu, akaondoka akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Mkewe alimvumilia, kisha uvumilivu ukamwishia. Mchana mmoja akiwa anaosha vyombo alimwambia akae.

"Tangu urudi unatembea kama mtu aliyemeza kijiko, mzee wangu. Sema."

Koleo akasema yote. Alieleza mwamba, akaeleza rangi iliyopauka, akaeleza jinsi glovu ilivyokaa juu ya mchoro. Lile la mkia na kidole gumba hakuligusa, haya za zamani hazitoki kwa siku moja. Mwisho akasema kwamba anaogopa. Hakuwa amelitamka neno hilo mbele ya mkewe tangu wajuane.

Mkewe aliyaacha maji ya bomba yatiririke mpaka beseni likafurika. Ndipo akalifunga bomba.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini, mama watoto?"

"Mimi ndiye niliyeuchora."

Akamkumbusha ile safari moja ya miaka ya nyuma aliyomsindikiza, Koleo akashikwa na homa kali. Hilo alilikumbuka, angalau dari ya chombo aliikumbuka. Mkewe akasema kwamba alipokuwa amelala, chombo kilipita karibu na mwamba, naye akaona ni hasara kuuacha. Akavaa vazi la mumewe, suruali ameikunja, akafunga kamba, akatoka. Hakumwambia kwa sababu alama iliyochorwa na mkono wa mwingine si halali, na anamjua mumewe, angerudi kuifuta.

Koleo alihisi kama ameondolewa jiwe kifuani. Alicheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitambaa cha vyombo. Akamwomba asimulie tena tangu mwanzo, na mkewe akasimulia, safari hii akaongeza jinsi brashi ilivyotaka kumponyoka. Koleo aliyafurahia yote. Aliuliza swali la mwisho kwa ajili ya utamu tu, hakuwa na nia ya kumpima.

"Na ule mkia, uliuelekeza wapi?"

"Kulia. Si ndivyo ulivyo?"

Na kwa kidole chenye povu akachora juu ya meza, duara kwanza, kisha mkia, ukaangalia kulia kama ule wa ubavuni mwa chombo.

Koleo aliutazama mchoro huku povu likipasuka kidogokidogo. Basi aliyeuchora mwamba hakuwa mkewe. Hakutoka nje, hakuuona mwamba, hakukunja suruali yoyote. Akainua macho, akamkuta mkewe anamwangalia vile alivyokuwa akiwaangalia watoto walipokunywa dawa chungu, kama watameza au watatema. Hakujua amkasirikie au amkumbatie.

"Umechora vizuri," akasema. "Kuliko mimi."

Akaenda chumbani, akarudi na ufunguo wa chombo, akauweka mezani juu ya duara lile lililokuwa likikauka. Akavuta kiti.

"Kausha mikono, mama watoto. Tafuta kalamu na karatasi. Nitakutajia njia za miamba yote, mmoja mmoja, uziandike."

Mkewe alikausha mikono. Akavuta droo, akatoa kalamu, akaijaribu kwenye kiganja kama ina wino, akaketi mkabala naye. Koleo akasubiri amwambie kwamba huo ni mwiko, kwamba mwamba hauandikwi, amuulize ana wazimu gani leo. Mkewe alikuwa ameshainama, ameshika kalamu, anangoja aanze.