Tundu la Koti la Kamanda

Saa mbili asubuhi, Mzee Funguo anafungua mlango, anavua kofia na kulisalimu koti lililo kwenye kabati la kioo. "Umeamkaje, Kamanda?" Koti halijibu, naye hajawahi kulinunia.

Ana miaka sitini na minne, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia akitunza nyumba hii ya vyumba vitatu alimoishi mwanamapinduzi huyo. Mkewe alishafariki. Wiki iliyopita alipata wageni wanne, na wote walikwenda moja kwa moja kulitazama tundu la risasi kifuani mwa koti.

Risasi yenyewe haikuwahi kuwepo.

"Ni pasi," anasema, macho chini. "Nilikuwa mgeni kazini. Kesho yake nyumba inafunguliwa, nikasema ngoja nilinyooshe lipendeze. Nikageuka kufunga dirisha, nikasikia harufu."

Siku ya ufunguzi mgeni mmoja akapaza sauti: "Jamani, risasi ilipita hapa!" Watu wakapiga makofi. Mzee Funguo akafyata ulimi, na uongo ukaota miguu, ukafika hadi kwenye bango la mlangoni.

Aliyebisha ni mmoja tu, mjane wa Kamanda. Alikuja kila Alhamisi, akawaambia wageni: "Mume wangu hakupigwa risasi. Alibeba barua za siri, na mifuko ya kuzificha niliishona mimi, humo ndani." Wageni walikonyezana, wakidhani uzee umemzidi. Siku moja akamgeukia mtunza nyumba. "Mwanangu, wewe si unalijua koti hili? Waambie basi."

"Nikakohoa," anasema Mzee Funguo. "Nikaenda kufagia."

Tangu siku hiyo, mwaka wa nne huu, mama huyo hajarudi, ingawa anaishi mitaa miwili tu kutoka hapo.

"Alhamisi ndiyo inaniua. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja. Sasa naongea na nguo."

Mfukoni ana kadi aliyoiandika kwa mkono: *Tundu hili ni la pasi. Aliyelichoma ni mtunza nyumba. Mifuko sita ya ndani ilishonwa na mke wa Kamanda.* Wakubwa wake hawajaiona, na anajua inaweza kumfukuzisha kazi.

Alhamisi hii anakusudia kumpelekea mama huyo aisome kwanza, kabla haijabandikwa kwenye kioo.

"Ana miaka themanini na saba. Naogopa nitapiga hodi nimkose." Anafuta kioo palepale alipokwishafuta. "Nikimkuta, anitukane anavyotaka. Ilimradi arudi."