Mpeleka Barua na Sanduku Linalofunguliwa Alfajiri

Saa kumi alfajiri. Tik, tik. Kimya. Tik, tik.

Ni kalamu ya Bibi Zella Noble, ile ya kubonyeza kwa kidole gumba. Taa ya jikoni haijawashwa, kwa hiyo kalamu haionekani, inasikika tu. Mezani mbele yake imelala bahasha nyeupe ya serikali, haijafunguliwa. Kukicha, bibi huyu wa miaka 78 amekusudia kuandika juu yake maneno ambayo kiangazi hiki ameshayaandika mara mbili: "Hayupo hapa."

"Iweke chini hiyo kalamu, Bibi," ananong'ona Verlene Stidham. "Inanitisha kuliko hicho kitu unachosema kinakuja."

"Haji kitu," bibi anamkata. "Anakuja Hobert. Tangu lini mume wa mtu akawa kitu?"

Hobert Noble alizikwa miaka miwili iliyopita, kilimani nyuma ya nyumba hii.

Verlene, 41, mama wa watoto wawili, ni mpeleka barua. Njia yake ni maili 61 na masanduku 204, na inaishia hapa, Bonde la Sang Branch, mashariki mwa Kentucky. Gari ni lake mwenyewe. Usukani uko kushoto na masanduku yako kulia, basi huketi katikati ya viti, mguu mmoja ukitafuta breki, mkono ukitokea dirisha la pili.

"Bibi Zella husema gari langu linakohoa kuliko marehemu mumewe," anasema, akicheka kidogo. "Nami humwambia, angalau lenyewe linapanda mlima."

Hajaajiriwa moja kwa moja. Huitwa pale tu mpeleka barua wa kudumu, mwenye njia hii, anapopumzika au kuugua. Wiki njema ni siku nne, wiki mbaya ni Jumamosi peke yake. Juni nzima alipata dola 1,140, na matairi mawili yakamega humo.

Ndiyo maana bahasha ile anaijua hata gizani. Wanawe nao wamo kwenye orodha ya wanaotumiwa bahasha hizo. Ndani mna kadi ya kununulia chakula, dola 120 kwa kila mtoto wa shule wa familia yenye kipato kidogo, za kumvusha miezi ambayo shule imefungwa. Zisipotumika ndani ya muda uliowekwa, zinarudi zilikotoka.

"Shule ikifunga mlango, kifungua kinywa na chakula cha mchana vinafungiwa humo humo," anasema. "Lakini tumbo la mtoto halijui likizo."

Bahasha ya mezani imeandikwa jina la Raelin Deaton, na anwani ni ya nyumba hii. Katika nyumba hii hakuna mtoto. Kuna Bibi Zella na mbwa wake mzee, Boone.

Kwa kweli, katika bonde lote hakuna anayejulikana kuishi kupita hapo. Zamani zilikuwapo nyumba kumi na moja huko juu. Mafuriko yalikuja usiku mmoja wa Julai yakazikokota zote. Siku hizi ukipanda na kijito unakuta ngazi za mawe tu, zimeota majani ya kutambaa. Zinapanda hatua tano, sita, kisha zinaishia hewani.

"Kuna siku napunguza mwendo bila kutaka," anasema Verlene. "Mkono unaanza kutafuta barua za watu wale, kabla akili haijakumbuka."

Gari la posta halikuwahi kupanda zaidi ya kwa Bibi Zella. Watu wote wa juu walipokelea barua zao katika sanduku lake la bati, kubwa kama kizimba cha kuku, majina yao yamepakwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Hobert alipokufa, bibi alichukua brashi akayafuta yote, akabakiza Noble.

"Nilichoka," anasema. "Kila nikienda kuchukua bili ya umeme, nasoma makaburi."

Kisha likaanza jambo la alfajiri.

Kabla ya mwanga sanduku hufunguka. Kiii. Panakuwa kimya, kama mtu anayepapasa ndani. Halafu linafungwa, tak. Hatua hazisikiki zikija wala zikienda. Boone husimama mlangoni, hutikisa mkia mara mbili, hulala tena. Habweki.

Bibi hakuhitaji kuelezwa. Hobert alichimba makaa ya mawe miaka 31, na vumbi likamkaa mapafuni. Alisubiri miaka minne barua ya fidia. Alijua posta hupita saa sita mchana, lakini kila siku alitoka gizani kuchungulia sanduku. Alikufa Februari. Barua ilifika siku kumi na moja baadaye.

"Hajui kwamba ilikuja," anasema Bibi Zella. "Na nani amwambie? Mimi naona haya."

Verlene alicheka alipoyasikia mara ya kwanza. Jana, Jumamosi, hakucheka. Alipofungua sanduku kutia bahasha hii, iliyokuja kwa mara ya tatu, aliona upande wa ndani wa kifuniko alama za vidole vitano, zambarau iliyokolea, za matunda meusi ya miiba yanayoiva kando ya kijito. Vilikuwa vidole vidogo mno.

"Hobert alikuwa na mkono kama sepetu," anasema. "Nikaweka kiganja changu juu ya alama zile, kikazifunika zote."

Hakumwambia bibi. Aliwaza, nikimwambia huyu si Hobert, nitakuwa nimemzika mzee mara ya pili. Nisipomwambia, kuna mtoto mahali fulani anaingiza mkono sandukuni na kuutoa mtupu.

Kanuni ya kazi yake ni nyepesi kuitaja. Mwenye nyumba akisema mtu hayupo, barua inarudi. Na kwa uzoefu wake, bahasha ya namna hii ikirudi mara ya tatu haiji tena. Mzazi atatakiwa aende ofisini mjini, na karatasi ya kuthibitisha anakoishi.

Basi aliomba usiku mmoja tu, bahasha ilale sandukuni.

"Sanduku la mume wangu si nyumba ya wageni," bibi alimjibu. Baadaye akalegea. "Italala mezani kwangu. Nawe ulale hapa, usikie kwa masikio yako, uache kunong'ona huko posta kwamba nimechanganyikiwa."

Hivyo ndivyo walivyofika katika giza hili, wanawake wawili, kahawa iliyopoa, na sufuria ya maharage ya jana juu ya jiko.

Saa kumi na dakika arobaini, Boone anainuka.

Hatoi sauti. Anasimama akiukabili mlango, na mkia unagonga mguu wa kiti, mara moja, mara mbili. Nje ukungu umejaza bonde mpaka usawa wa dirisha. Vyura, waliokuwa wakilia usiku kucha, wamenyamaza wote kwa pamoja.

Kiii.

Vidole vya bibi vinaushika mkono wa Verlene. Ni vya baridi na vina nguvu isiyolingana na umri wake.

"Usitoke. Ukimtazama, hatarudi tena."

Verlene hatoki. Anasubiri. Halafu kunasikika kitu kingine: kitu kizito kinaburutwa juu ya changarawe, taratibu, kikisimama, kikiburutwa tena.

"Bibi," anasema kwa upole, "Hobert alikuwa na urefu gani?"

"Futi sita na ushee. Kichwa chake kiligonga kizingiti hicho kila siku ya Mungu. Kwa nini?"

"Alihitaji kupanda juu ya kitu ili mkono ufike ndani ya sanduku?"

Verlene anasikia pumzi ya bibi ikiingia, ikikaa ndani, ikitoka. Halafu mkono unaachiwa. Bibi Zella anasimama mwenyewe, anaichukua bahasha, anafungua mlango na kutoka pekupeku, bila taa.

Ni msichana. Ana miaka tisa hivi. Amesimama juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, amevaa fulana ya mtu mzima inayofika magotini, na mkono wake umezama sandukuni mpaka begani. Miguu yake haina viatu. Hakimbii. Anageuza shingo tu, anawatazama, na katika ukungu ule uso wake ni mweupe kama sahani.

Verlene, aliye nyuma, anayaona mabega ya bibi yakishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakutaka kuutua.

"Wewe wa nani, mwanangu?" bibi anauliza.

Mtoto anaibana midomo.

"Umekatazwa kusema?"

Kichwa kinainama, mara moja.

Habari yenyewe Verlene ataipata mchana, kwa mama wa mtoto, Shawna Deaton, mwenye miaka 29. Shawna hukaanga kuku katika kituo cha mafuta barabara kuu na hutoka kazini saa tisa usiku. Tangu mwisho wa Mei wanaishi juu kabisa ya bonde, yeye na watoto watatu, Raelin akiwa mkubwa na pekee aliyeanza shule, katika kijumba cha magurudumu kisicho na umeme. Alipoombwa anwani shuleni, aliandika pekee aliyoijua: sanduku lililokuwa na jina la bibi yake, Maudie, alipokuwa mdogo.

"Sikujua limefutwa," atamwambia Verlene. "Napita hapo gizani, na mchana nimelala. Kumgongea yule bibi niliogopa. Angejua tunavyoishi, akampigia mtu simu, watoto wangu wangechukuliwa na serikali. Nikawaambia wasimtajie mtu jina." Kwamba Raelin hutoka yeye akiwa usingizini, hilo hakulijua.

Kitu kimoja hakitapata jibu. Bibi Zella anashikilia kwamba sanduku lilianza kufunguka Machi, barafu ikingali kwenye ngazi, miezi miwili kabla ya akina Deaton kuja.

"Hilo silijui," anasema Verlene, "na sina haraka ya kulijua."

Analolijua ni kwamba mwenye njia hii anastaafu Desemba, na Verlene ameshaandika jina lake kuiomba. Akiipata atalipwa kila wiki, matairi yasiwe tena msiba. Amepanga pia kwenda shuleni kabla likizo nyingine haijafika, awaombe wawaulize wazazi swali moja zaidi: mbali na unapokaa, barua zako unazipokelea wapi?

"Katika mabonde yetu hivyo ni vitu viwili," anasema. "Karani wa mjini hawezi kulijua hilo. Mimi nalijua, kwa hiyo ni kazi yangu."

Lakini hayo ni ya baadaye. Sasa hivi bado ni giza, na mtoto yuko juu ya ndoo.

Bibi Zella anasogea, anamwinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Paji hili la uso nalifahamu," anasema. "La Maudie Deaton. Aliwapokea watoto wangu wawili duniani, nyumba hii hii. Na jina lake nikalifuta kwa mkono wangu." Anageuka. "Mpeleka barua! Andika. Yupo hapa."

"Siandiki chochote, Bibi. Wewe ukisema yupo, basi yupo."

"Yupo. Na kama wako wengine, nao wapo. Na nikisikia mtu amempigia mtu simu kuhusu watoto hawa, atanijua mimi ni nani."

Mtoto ananyoosha mkono kuelekea bahasha. Bibi anairudisha nyuma, kifuani mwake.

"Ngoja, binti. Hapa kwetu barua hutolewa sandukuni."

Anaitia ndani. Anafunga. Tak.

Mtoto anamtazama bibi, anamtazama Verlene, anautazama mlango wa bati wa sanduku. Anaufungua polepole, kwa vidole vyenye madoa ya zambarau. Anaitoa bahasha kwa mikono miwili na kuisogeza karibu na macho, kwa maana mwanga ndio kwanza unaanza kumwagika juu ya mlima, na kidole chake kinapita chini ya jina, herufi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Anashuka kwenye ndoo.

"Naenda kumwamsha Mama," anasema.