Pajama ya Baba

Mara ya tatu baba alipotoka nje bila nguo ilikuwa saa tisa mchana, watoto wanatoka shule. Mdogo wangu wa kike alimkuta kwenye kona ya mtaa wetu, Chumbageni, amesimama wima na kofia yake kichwani. Msuli aliojifunga kiunoni ulikuwa umebaki mlangoni, pale ulipomdondoka. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameshainua simu kupiga picha. Dada akaipiga ile simu kwa kiganja ikaanguka, akamzungushia baba kanga na kumrudisha nyumbani polepole, amemshika kiuno kama mtu anayemsaidia mgonjwa wa mguu.

Mimi nilikuwa ndani, nimelala. Nilikuwa nimerudi Tanga wiki mbili kabla.

Jioni ile dada aliweka kufuli jipya mezani. Hakupandisha sauti.

"Kaka, nimekaa naye miaka sita. Nimechoka kukimbia na kanga barabarani. Akitoka tena hivyo, namfungia chumbani."

Nilimwomba siku chache tu. Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na nusu ya wanaume wa mtaa ule walijifunza alifu kwake. Kumsikia akigonga mlango kwa ndani, na wao wanapita dirishani kwenda msikitini, nilijua nisingeweza. Ningeondoka tena, na safari hii nisingerudi.

Tatizo lilikuwa msuli wenyewe. Msuli hauna kamba wala kifungo. Unaukunja kiunoni, mkono unajua. Mikono ya baba ilikuwa imesahau. Akiamka usingizi wa mchana unafunguka, naye anaendelea na safari yake. Alihitaji nguo ya kulalia inayofungwa kwa nyuma, asikoweza kuifungua. Za dukani dada alishajaribu. Baba alizivua akisema suruali ni ya kazini, na yeye hajawahi kulala kazini.

Ndipo nikaamua kumshonea pajama kwa misuli yake mwenyewe. Alikuwa nayo miwili ya zamani, ya mirabaraba, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama sikio. Nilifikiri akiiona rangi yake na kunusa harufu yake hataivua. Kwa fundi sikutaka kwenda, maana ningelazimika kueleza kwa nini kamba ziwe nyuma. Na kuna jingine, niliseme tu. Nilitaka mikono yangu imfanyie kitu. Niliondoka nyumbani nilipomaliza kidato cha nne. Nikabeba mizigo ya watu Horohoro, nikakaa Mombasa, nikavuka kwenda kuchuma karafuu Pemba, na mwisho nikawa Muheza nashona midomo ya magunia. Kila mji niliuhama nikiutamani ule wa nyuma yake. Tanga niliitamani kotekote, na bado sikuja.

Cherehani ya mkono ya marehemu mama ilikuwa bado inazunguka. Nilimpima baba kwa uzi, amesimama katikati ya ukumbi, kanyoosha mikono pembeni kama anayepimwa kanzu ya Idi. Alikuwa na furaha siku ile. Niliifumua mishono ya misuli, nikakata, nikashona kwa uzi mnene na mishono ya karibukaribu, kama nilivyozoea, ili isifumuke. Siku mbili nzima. Miguu haikulingana sana, lakini ilikuwa pajama.

Tulimvisha baada ya adhuhuri. Akalipapasa paja lake.

"Huu wangu," akasema.

Dada akafunga kamba nyuma, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi alicheka kidogo. Baba akalala, akaamka, akazunguka nyumba akivuta kiuno cha nguo. Haikutoka. Nilihisi kama mtu aliyepunguziwa gunia mgongoni.

Kisha ikaadhiniwa alasiri.

Baba alikuwa amesahau majina yetu, lakini sala hakuisahau. Alitawadha mwenyewe, akasimama kwenye mkeka, nami nikakaa nyuma yake ukutani. Alipokwenda rukuu niliona kitambaa kimekaza. Nikajiambia kitavumilia. Alipokwenda sujudu kilichanika kuanzia kiunoni nyuma hadi katikati ya miguu. Uzi wangu haukukatika hata mmoja. Kitambaa ndicho kilichokwisha.

Niliomba asitambue. Alibaki paji la uso chini, mkono wake mmoja ukaenda nyuma taratibu, ukapapasa, ukasimama. Akaketi. Akauvuta mkeka, akajifunika nao mapajani, akanitazama.

"Nisitiri, baba," akaniambia.

Kule barabarani, mbele ya watoto na ile simu, hakujua kitu. Mimi ndiye niliyemfanya ajue.

Asubuhi yake nilikwenda kwa fundi, mzee mwenye cherehani barazani mtaa wa pili, nikamwamkia shikamoo na kumtolea pajama kwenye mfuko bila maelezo. Hakuyahitaji. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Aliigeuza, akavuta uzi wangu kwa ukucha, akauliza hii kazi nimejifunza wapi. Nikamwambia Muheza, kwenye magunia.

"Magunia hayasujudu," akasema. "Ulimpima amesimama?"

Nikakubali.

"Mtu wa sala hupimwa ameinama, mwanangu. Wewe unasali huko unakotembea?"

Alitia kipande cha pembe nne katikati ya miguu, cha kitambaa kipya, na kuongeza upana nyuma. Alifanya upesi, na malipo akakataa. Alisema ni ya mwalimu.

Pajama ilikaa. Baba hakutoka tena nje uchi, na dada akaliondoa lile kufuli mezani. Lakini sala ilipofika baba alitawadha, akasimama, akasoma, na alipofika rukuu akasita. Mkono ukaenda nyuma. Akaketi chini na kumalizia kwa kutikisa kichwa tu, kama mgonjwa. Magharibi vilevile. Kesho yake vilevile. Mwanamume ambaye magoti yake hayakuwa na ila yoyote.

Nilimwambia ni pana sasa, haichaniki. Nikaivuta kwa mikono miwili mbele ya macho yake. Mwisho, siku ambayo dada alikuwa ameifua, niliivaa mimi, baba akiwa ameketi kitini na msuli mwingine aliofungwa na dada. Nilitandika mkeka mbele yake, nikaenda rukuu, nikaenda sujudu, mimi ambaye sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa mji gani. Nguo haikulia hata kidogo. Nikabaki pale chini ili aone vizuri.

"Viwiko juu," baba akasema. Ilikuwa sauti yake ya chuoni.

Nikaviinua.

"Juu. Usilale kama mbwa."

Nikaviinua zaidi. Nilikaa hivyo mpaka mabega yakaniuma, nikingoja nisikie magoti yake yakishuka kando yangu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameketi palepale kitini, mkono mmoja umeshikilia msuli wake kwa nyuma.